Irma Stern na sura za Zanzibar: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila picha ya Irma Stern inapouzwa mnadani inasambaa mitandaoni na maneno yanasambaa nayo, mengine ya kweli na mengine ya kubuni kabisa. Mimi namheshimu sana huyu mama kama mchoraji wa sura za watu, na wengi kati ya hao aliowachora ni wazee wetu wa Zanzibar, kwa hiyo tuyaweke sawa.

Kuna wanaosema alikuwa mtalii tu kutoka Ulaya, kashuka melini, kachora, kaondoka. Sio kweli. Irma alizaliwa 1894 Schweizer-Reneke, kamji kadogo huko Transvaal, Afrika Kusini, wazazi wake Wayahudi wa Kijerumani. Vita ya Makaburu na Waingereza ikaja, baba yake akafungwa na Waingereza, baadaye familia ikahamia Ujerumani, na toka hapo utoto wake ukawa wa kwenda na kurudi kati ya nchi mbili. Mwaka 1920 akarudi Cape Town na ndo pakawa nyumbani mpaka anakufa 1966. Zanzibar alikwenda mara mbili, 1939 na 1945, na alikuwa anakaa miezi, anapanga nyumba Mji Mkongwe na kufanya kazi kila siku. Na kuna sababu ya kuelekea huku badala ya Ulaya: Hitler aliposhika madaraka 1933 yeye kama Myahudi aliacha kwenda Ujerumani, halafu vita ikafunga njia za Ulaya, basi akageukia bara lake mwenyewe. 1942 akaenda Kongo, akawachora na Watutsi wa Rwanda. Safari hizo zikatoa vitabu viwili vyenye michoro yake, Congo 1943 na Zanzibar 1948.

Wengine wanadhani alikuwa na kipaji cha kuzaliwa tu, shule hakusoma, maana rangi zake nzito na mistari imekaa kama ya mtu mwenye haraka. Alisoma bwana, tena sana. 1913 alikuwa chuo cha sanaa Weimar huko Ujerumani, kisha Berlin. Ile haraka unayoiona ni uamuzi. Mwaka 1916, katikati ya vita kuu ya kwanza, alimchora msichana mdogo aliyedhoofika kwa njaa, picha akaiita The Eternal Child, yaani mtoto wa milele, mwalimu wake hakuipenda na wakaachana njia. Baada ya hapo akakutana na Max Pechstein, mmoja wa wakali wa ekspreshonizimu Ujerumani, ule mtindo wa kuchora hisia kwa rangi kali badala ya kunakili kitu kilivyo, yeye ndo akamshika mkono mpaka Irma akafanya maonyesho yake ya kwanza Berlin 1919.

Na hii ya kwamba alipokelewa kwa mikono miwili kwao kwa sababu alikuwa Mzungu na familia ina hela, hapana jamani. Maonyesho yake ya kwanza Cape Town yalikuwa 1922 na watu walicheka, magazeti yakaandika kwamba anaabudu ubaya, mpaka polisi wakaja kuangalia maana kuna waliolalamika kuwa picha hazina maadili. Ilichukua miaka mingi mpaka Afrika Kusini ikamkubali, wakati 1927 Ufaransa walishampa tuzo Bordeaux. Na asikudanganye mtu kuwa alibebwa na mume, aliolewa 1926 na profesa wa Kijerumani, Johannes Prinz, wakaachana 1934, hawakuwa na mtoto, na kazi zake kubwa zote za Zanzibar na Kongo zimekuja baada ya hapo. Alifanya karibu maonyesho 100 ya peke yake katika maisha yake na aliishi kwa kuuza picha.

Sasa fremu. Nimesoma mtu anaandika kuwa zile fremu za mbao za kuchongwa kwenye picha zake za Zanzibar zimewekwa na wauzaji ili bei ipande. Aisee, fremu zile ni zake. Alichukua mbao za miimo ya milango ya zamani ya Zanzibar, ile yenye nakshi za maua na minyororo, akaagiza zifanywe fremu. Ukiiangalia picha moja kwa karibu unaona jambo la ajabu: rangi imewekwa nene mpaka ina vilima na mabonde, halafu pembeni yake mbao nayo ina vilima na mabonde vya patasi, jicho linatoka kwenye shavu la mzee mpaka kwenye ua lililochongwa bila kukwama. Yaani mchongaji wa Unguja ambaye hatumjui yumo ndani ya kazi hiyo sawasawa na mchoraji.

Hapo kwenye kutojulikana ndo panaponiuma mimi. Watu wanasema picha zake zinatuonyesha Zanzibar ilivyokuwa. Zinaonyesha sura, tena kwa heshima kubwa, lakini angalia majina: Arab Priest, Arab in Black, Bahora Girl, yaani kasisi Mwarabu, Mwarabu aliyevaa nyeusi, msichana wa Kibohora. Huyo mzee alikuwa na jina, alikuwa na mtaa wake, pengine Malindi pengine Shangani, watu walimsalimia kwa jina lake kila akienda msikitini, na picha ikaondoka na uso ikaacha jina. Irma alikuwa anatafuta Afrika ya kwenye mawazo yake, mwanzoni mwa miaka ya 1930 alilalamika hadharani kuwa Waafrika wa kusini wameanza kuvaa na kuishi kizungu, kana kwamba walikuwa na deni la kubaki vile ili yeye achore. Hilo ni kosa na haliondolewi na uzuri wa rangi, na uzuri wa rangi nao hauondolewi na hilo.

Kuhusu siasa pia watu wanamvuta huku na huku. Wapo wanaomfanya mpigania uhuru kwa sababu ya Arab in Black ya 1939. Picha hiyo iliuzwa kwenye mnada wa kuchangia utetezi wa Mandela na wenzake katika kesi ya uhaini ya miaka ya 1950, washtakiwa 156. Lakini mchango wa picha sio msimamo wa mchoraji. Irma mwenyewe miaka hiyohiyo ya 1950 aliiwakilisha Afrika Kusini ya makaburu mara kadhaa kwenye maonyesho ya Venice.

Na la mwisho ni pesa. Arab Priest iliuzwa London 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3, ikanunuliwa na mamlaka ya makumbusho ya Qatar, na watu wakaandika kuwa Irma alitajirikia Zanzibar. Alishakufa miaka 45 kabla. Ile Arab in Black yenyewe ilikutwa kwenye jiko la nyumba moja London, wenyewe wanaitumia kama ubao wa kubandikia barua na bili, na 2015 ikauzwa kwa zaidi ya pauni 800,000.