Namba 91: sura ya tasa, vigawo ndani

Dhana: 91 ni namba tasa.

Si kweli: 7 × 13 = 91. Kinachonivutia zaidi ni chanzo cha kosa hilo. Chini ya 100, ukishaondoa vigawe vyote vya 2, 3 na 5, namba zinazobaki ni tasa zote, isipokuwa 1, 49, 77 na 91. Namba 49 tumeizoea kama 7 × 7, na 77 tarakimu zake zinaitaja 11 waziwazi. Lakini 91 haitoi dalili yoyote. Ni witiri, haiishii na 5, na tarakimu zake zikijumlishwa ni 10, kwa hiyo 3 haiigawi. Jedwali la kuzidisha ambalo wengi hulikariri huishia mara 12, na 7 × 12 ni 84. Kwa hiyo 91 imekaa hatua moja tu nje ya mlango.

Dhana: Ili kuwa na hakika, ugawanye kwa kila namba hadi 90.

Majaribio manne yanatosha: 2, 3, 5 na 7. Vigawo viwili vinavyozaa 91 haviwezi vyote kufika 10, maana 10 × 10 tayari ni 100. Kwa 7 kuna njia ya mkato: chukua tarakimu ya mwisho, 1, izidishe kwa 2, kisha uitoe kwenye 9. Jibu ni 7, basi 91 inagawanyika kwa 7.

Dhana: Namba ikifaulu kipimo cha Fermat, ni tasa.

Hili ndilo kosa zito, kwa sababu hata waliobobea kiasi hulifanya. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat alieleza kwamba ikiwa p ni tasa, na a haigawanyiki kwa p, basi aᵖ⁻¹ ikigawanywa kwa p hubakiza 1. Hakusema kinyume chake, yaani kwamba kila namba inayobakiza 1 ni tasa. Tazama: 3⁶ ni 729, nayo ni 8 × 91 na baki 1. Kipimo kinatumia kipeo cha 91 − 1, yaani 90; kwa kuwa 90 ni 6 × 15, hata 3⁹⁰ hubakiza 1. Namba 91 imefaulu kipimo kikamilifu, na kati ya namba zote zisizo tasa zinazodanganya hivyo kwa 3, hakuna iliyo ndogo kuliko hii. Jaribu kwa 2 uone: 2¹² hubakiza 1, lakini 2⁹⁰ hubakiza 64. Siri imefichuka, ingawa bado hujakiona kigawo hata kimoja!

Dhana: 1729 ndiyo namba ndogo kabisa inayopatikana kwa njia mbili kama jumla ya vipeo viwili vya tatu.

Kisa cha wanahisabati Hardy na Ramanujan, waliozungumza kuhusu namba hiyo ya teksi, kimeieneza sana habari hii, nayo ni sahihi kwa namba chanya peke yake. Ukiruhusu hasi, 91 inatangulia: 3³ + 4³, na pia 6³ + (−5)³. Tena 1729 yenyewe ni 19 × 91.

Dhana: Mbali na mtego huo, 91 haina lolote.

Jumlisha miraba ya 1 hadi 6: 1 + 4 + 9 + 16 + 25 + 36. Ni 91. Kisha jumlisha namba zote kuanzia 1 hadi 13. Njia ya haraka ni kuchukua 13 × 14 na kugawanya kwa 2, na hapo utabaki ukiandika 13 × 7.