Dayalisisi haisafishi figo

Jana tena kwa grupu ya familia mtu ameandika tuchange "shangazi akasafishwe figo". Hii sentensi nimeisoma mara nyingi sana, na wanaoiandika ndio wale wale wanampenda shangazi kweli, kwa hivyo wacha niseme.

Dayalisisi, hiyo anayoenda shangazi, ni kusafishwa damu. Ile ya mashine, damu inatolewa, inapita kwa chujio, uchafu na maji yaliyozidi yanabaki huko, damu inarudi mwilini. Figo hata haijaguswa, imebaki vile ilivyokuwa.

Neno lenyewe ni la Kigiriki, maana yake ni kama kulegeza vitu vikaachana. Mkemia wa Skotlandi, Thomas Graham, ndiye alilichukua mwaka 1861 akiwa anatenganisha vitu vilivyoyeyuka kwa kuvipitisha kwenye karatasi laini kama ngozi, hakukuwa na mgonjwa hapo. Wagonjwa walikuja baadaye, na 1943 daktari Willem Kolff kule Uholanzi, katikati ya vita, akaunda mashine kwa ile selofeni ya kufungia soseji. Kwa hivyo hata jina halijawahi kuahidi kuponya figo, ni kutenganisha tu.

Mbona nakazana na neno moja? Figo nzima hufanya kazi saa 168 kwa wiki, hailali. Mashine ukienda mara tatu, saa nne nne, ni 12. Na hapa Nairobi wengi wamezoea mara mbili kwa sababu ndizo bima ilikuwa inalipa, hizo ni saa 8. Zile 160 zimebaki maji na potasiamu (ile madini iko kwa wingi kwa ndizi) zinajikusanya tu, sasa wewe ukiamini figo imesafishwa utampea kikombe cha supu ukimwambia "si uko sawa sasa", na shangazi anaenda Jumatatu na Alhamisi, kutoka Alhamisi mpaka Jumatatu ni siku nne, miguu inavimba na kulala chali hawezi, pumzi inakatika.

Hapo ndipo miaka ya mtu inaongezeka au kupungua. Kutoruka siku ya mashine. Kuchunga presha na sukari, kwa sababu wengi huuawa na moyo. Halafu njia ya damu kufika kwa mashine: mshipa wa mkono ulioungwa, ile fistula (si ile ya uzazi), ni salama kuliko mpira wa shingoni unaoingiza maambukizi mpaka kwa damu, na fistula inataka wiki kadhaa kukomaa kwa hivyo aliyefika hospitali akiwa amechelewa anaanzia shingoni. Hata ile sindano ya kuongeza damu, ni kwa sababu figo ndiyo ilikuwa inaagiza mwili utengeneze damu na mashine haijui hiyo kazi.

Kuna wanaotoka kwa mashine, ndiyo, figo ikiwa ilizimika ghafla ikaamka yenyewe. Ya shangazi si hiyo.

Binamu, meseji yako ni nzuri, usiifute. Badilisha tu hapo kwa figo uandike damu, na Jumapili tukienda kumwona zile ndizi tuziache nyumbani.