Meli saidizi: zile za jeshi zisizopigana

Julai 2024 meli nyeupe yenye misalaba mikubwa myekundu ubavuni ilifunga gati bandarini Dar es Salaam, na wiki hiyo kwenye pantoni la Kigamboni hapakuwa na mada nyingine. Jamaa mmoja mwenye ndoo ya samaki alishikilia kwamba ile ni manowari ya Wachina. "Hujaona namba pale mbele, 866? Meli ya raia inaandikwa namba vile?" Dada aliyekaa kwenye pikipiki yake akamcheka: "Manowari gani kaka yangu, watu wanapimwa presha bure mle. Mama yangu mdogo yuko kwenye foleni tangu alfajiri." Tulifika Magogoni hawajamaliza.

Wote wawili walikuwa na hoja. Meli ile, Peace Ark, ni mali ya jeshi la majini la China na wanaoiendesha ni wanajeshi. Ila haikujengwa kupigana. Ina vitanda 300 na vyumba vinane vya upasuaji, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuja kwetu, baada ya 2010 na 2017. Meli ya namna hiyo ndiyo huitwa meli saidizi: inalitumikia jeshi la majini, lakini kazi yake ni kuziwezesha manowari na mabaharia wao kufanya kazi, si kurusha makombora. Inaweza kuwa na bunduki chache za kujilinda na bado ikabaki kwenye kundi hilo. Cha kuangalia ni kazi iliyoipeleka baharini.

Kundi lenyewe ni kubwa. Wamo wabeba mafuta, wabeba risasi na chakula, karakana zinazoelea, meli za kupima kina cha bahari, za kuokoa nyambizi zilizokwama, za mafunzo, hata tagi zinazosukuma meli kubwa kwenye mlango mwembamba wa bandari kama huu wetu. Ukitaka mfano wa nchi kavu, fikiria basi la mkoani. Abiria anamwona dereva na konda tu. Fundi aliyelala chini ya basi usiku kucha, muuza dizeli na mama lishe wa stendi hawamo kwenye picha, lakini jaribu kuwaondoa uone kama hilo basi litafika Chalinze.

Katika hao wote, mimi nampa heshima ya kwanza mbeba mafuta. Manowari haina kituo cha mafuta katikati ya bahari, kwa hiyo kituo kinaifuata. Meli mbili zinakwenda sambamba, mwendo mmoja, kiasi cha mafundo (yaani maili za baharini kwa saa) 12 hadi 16, zikiwa zimeachana umbali ambao mtu angeweza kumrushia mwenzake jiwe. Kamba nyembamba inafyatuliwa kwa bunduki maalumu kutoka meli moja hadi nyingine. Inavuta kamba nene zaidi, kamba nene inavuta waya, na waya unabeba mpira wa mafuta. Kazi inaweza kuchukua saa kadhaa. Hatari yake imejificha majini: maji yanayobanwa kati ya meli hizo yanakwenda kasi, mgandamizo wake unapungua, na meli zinavutwa kugongana. Mshika usukani akipotea kidogo tu, hasara ni ya wote. Wamarekani walianza kuifanya kazi hii kwa dhati mwaka 1917, meli ya mafuta Maumee ilipozijaza manowari zao ndogo zilizokuwa zikivuka Atlantiki.

Kabla ya mafuta palikuwa na makaa ya mawe, na hapo hatuhitaji kwenda mbali. Agosti 1914, vita kuu ilipoanza, bandari ya Dar es Salaam ilikuwa kama maonyesho ya meli saidizi. Wajerumani walikuwa na Möwe, meli ya kupima bahari. Walikuwa na Somali, meli ya biashara iliyopakiwa makaa. Walikuwa na chelezo kinachoelea, cha kutengenezea meli. Meli ya abiria Tabora nayo baadaye ikapakwa rangi za hospitali. Manowari ya kweli ilikuwa moja, Königsberg, na ilikuwa imekwishatoka bandarini Julai 31.

Angalia kilichoifika. Waingereza walipotokea nje ya bandari, wenyeji wao wa Kijerumani walizamisha chelezo kwenye mlango wa bandari ili adui asipite. Möwe nayo wakaizamisha wenyewe. Adui hakupita, lakini Königsberg nayo ikawa haina pa kurudi. Makaa ya Somali yaliipa pumzi ya kutosha kufika Unguja Septemba 20 na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus, kisha mitambo yake ikaharibika ikajificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko. Bila karakana ya kuelea karibu, vipuri vya boila vilikokotwa nchi kavu na vibarua wa Kiafrika hadi Dar es Salaam vitengenezwe, kisha vikarudishwa vilevile. Kazi ya meli saidizi moja ilifanywa na mabega ya watu.

Ilipopona, makaa hayakuwapo. Waingereza walikuwa wamenunua yale yaliyokuwa yakipatikana Msumbiji, na Somali iliungua hukohuko Rufiji. Ujerumani ikatuma meli nyingine, Rubens, ikijifanya meli ya Denmark. Aprili 1915 iliishia kwenye ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikipigwa mizinga. Risasi zilizookolewa zilikwenda kwa jeshi la nchi kavu. Makaa hayakumfikia aliyekuwa akiyangoja. Julai 11, 1915 Königsberg ilimalizwa humohumo mtoni, na mizinga yake ikatolewa ikaenda kupigana porini. Watu husimulia habari hii kama ya manowari shujaa. Mimi naisoma kama habari ya ukosefu wa makaa.

Tabora ina habari yake, nayo inatupeleka kwenye sheria. Novemba 28, 1914 Waingereza waliingia bandarini kwa boti kuharibu injini za meli za Kijerumani. Tabora pia waliikagua, kwa sababu hawakuiamini. Risasi zikarindima kutoka ufukweni. Ofisa wao Henry Peel Ritchie alijeruhiwa mara nane, akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Shaka ya namna hiyo ndiyo Mkataba wa Pili wa Geneva wa 1949 ulijaribu kuiondoa. Meli ya hospitali ipakwe rangi nyeupe, iwe na misalaba au hilali nyekundu inayoonekana mbali, na pande zinazopigana zijulishwe siku kumi kabla haijaanza kazi. Haishambuliwi wala haitekwi, lakini adui ana haki ya kupanda na kukagua, nayo hairuhusiwi kutumia mawasiliano ya siri. Meli saidizi nyingine hazina kinga hiyo. Mbeba mafuta wa jeshi akikutwa vitani ni shabaha halali kama manowari.

Kisheria manowari lazima iongozwe na ofisa wa jeshi na mabaharia wake wawe chini ya nidhamu ya kijeshi. Ndiyo maana jibu la ubishi wa pantoni hutegemea nchi. Uingereza tangu 1905 ina kundi maalumu la meli saidizi, Royal Fleet Auxiliary, linaloendeshwa na mabaharia raia. Marekani nayo huwatumia raia kuendesha meli zake za hospitali, Mercy na Comfort, zilizokuwa meli za mafuta kabla ya kugeuzwa na kuwekewa vitanda 1,000 kila moja. Madaktari ndio wanajeshi. Uraia haukingi bomu: Juni 8, 1982, kwenye vita vya Falkland, ndege za Argentina ziliipiga Sir Galahad ya kundi hilo la Uingereza, na watu 48 wakafa.

Katika vita hivyohivyo ilikuwapo meli ambayo wazee wa gatini hapa wangeitambua kwa jina. Iliitwa Uganda, meli ya abiria ya mwaka 1952, iliyofanya safari za London hadi Afrika Mashariki ikipita Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Ndege zilipoinyang'anya abiria ikageuzwa meli ya safari za wanafunzi. Aprili 1982 serikali ya Uingereza iliichukua ikiwa safarini. Watoto walishushwa Naples, meli ikapelekwa Gibraltar, ikapakwa rangi nyeupe na misalaba myekundu, ikapewa wodi, madaktari na manesi, na kuelekezwa kusini.