Vipuri vinavyosubiri ukaguzi: vimo ghalani, bado si vya kutumia

Lori limeshusha beringi 400. Mtunza ghala amezihesabu, idadi imelingana na oda ya ununuzi, na hati ya mapokezi imetiwa saini. Je, kiwanda kina beringi 400 zaidi ya jana? Ukimuuliza mtunza ghala, atasema ndiyo. Ukimuuliza fundi anayetaka kuzifunga kwenye mashine, jibu ni bado, kwa sababu hakuna aliyezipima. Akiba inayosubiri ukaguzi ndiyo hiyo: mali iliyokwisha kupokelewa, inayoonekana kwenye vitabu, lakini isiyoruhusiwa kutoka kwenda kazini.

Wengi huichukulia kama mahali: chumba cha pembeni, au rafu iliyozungushiwa utepe. Chumba kinasaidia, na lebo ya rangi inasaidia zaidi, ila kinachohesabika hasa ni hali ya kipuri kwenye kumbukumbu. Katoni inaweza kukaa rafu ile ile tangu asubuhi hadi jioni huku hali yake ikibadilika kutoka "kwenye ukaguzi" kuwa "huru kutumika" au "imezuiwa". Mfumo usiozitenganisha hali hizo tatu unamwachia mtunza ghala akumbuke kwa kichwa, na siku akiwa likizo vipuri visivyopimwa vitatoka tu.

Ugumu wenyewe uko kwenye hesabu. Tuseme ghalani kuna beringi 100 zilizokwisha kupimwa, 400 ziko kwenye ukaguzi, na wiki ijayo zitahitajika 300. Mnunuzi anauliza: niagize nyingine? Kwake yeye zote 500 zihesabiwe, kwa hiyo asiagize. Msimamizi wa uzalishaji anauliza: naweza kuanza kazi leo? Kwake ziko 100 tu. Maswali ni mawili na kila moja lina namba yake, ndiyo maana kuonyesha jumla moja kwenye skrini ni kosa hata kama jumla hiyo ni sahihi. Mfumo ukizihesabu zile 400 kuwa sifuri, mnunuzi ataagiza beringi 200 zisizohitajika na fedha zitalala rafuni. Ukizihesabu kama nyingine zote, zitafungwa kabla ya kupimwa, na zikionekana mbovu itabidi kufungua mashine zilizokwisha kuundwa. Hasara hii ya pili ndiyo inayouma zaidi.

Halafu kuna tarehe. Msambazaji akichukua siku 10 kuleta na ukaguzi ukachukua siku 3, oda itolewe siku 13 kabla ya kazi. Mipango mingi inavunjika hapa, kwani siku ya kuwasili inaandikwa kana kwamba ndiyo siku ya kutumika. Siku za ukaguzi ni sehemu ya muda wa ununuzi, basi ziandikwe kwenye rekodi ya kila kipuri kinachopimwa.

Ukaguzi wenyewe mara nyingi haugusi kila kipuri. Kwa majedwali ya ISO 2859-1, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi kwa sampuli, ngazi ya kawaida ya II, fungu la 400 hutolewa sampuli ya 50. Kiwango cha ubora kinachokubalika, yaani kiasi cha vipuri vibovu kinachovumilika, kikiwa asilimia 1, kasoro moja kwenye sampuli bado inalipitisha fungu, na mbili zinalikataa. Zingatia kwamba uamuzi unazihamisha zote 400 kwa pamoja, pamoja na zile 350 ambazo hazikuguswa.

Fungu likikataliwa, wahusika huamua: lirudishwe kwa msambazaji, lirekebishwe, litumike kwa idhini maalumu ya wahandisi, au litupwe. Lakini kabla ya uamuzi huo, saa ile ile, mnunuzi apewe taarifa. Jana alikuwa na beringi 500 kwenye mpango. Leo ana 100, na upungufu wa 200 umezaliwa ghafla. Nimeona fomu ya kukataa ikikaa mezani kwa mkaguzi siku kadhaa huku mpango ukiendelea kutegemea mzigo uliokwisha kufa. Mhasibu naye aarifiwe: mbali na kulinganisha oda, mapokezi na ankara, viwanda vingine huongeza matokeo ya ukaguzi kama sharti la nne la kulipa.

Foleni ya ukaguzi isipangwe kwa nani alifika kwanza. Kipuri kitakachohitajika kazini mapema ndicho kipimwe mapema, hata kama kiliingia jana na kingine kimekaa wiki nzima. Na msambazaji ambaye mafungu yake yamepita mfululizo anaweza kuruhusiwa vipuri vyake viingie moja kwa moja kwenye akiba huru, bila kusubiri. Fungu lake moja likionekana bovu, mafungu yanayofuata yarudi kwenye foleni.