Kitonga haishukwi kwa free

Nafundisha madereva wa semi, na kila darasa halikosi mmoja wa kuniambia kwamba ukishuka mlima wa Kitonga kwa free, yaani bila gia, unaokoa dizeli. Hapana, jamani. Kwa injini za siku hizi, gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, haliingii hata tone. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka free, lazima inywe ili isizime. Dizeli umepoteza, na breki ya injini pia. Tuendelee.

Mlima huu unakutoa bonde la Ruaha Mkuu, upande wa Usagara, unakupandisha Uhehe. (Lugalo, Mkwawa alikomvunja Zelewski, kamanda wa Wajerumani, mwaka 1891, iko huko juu, ukishapita Ilula.) Watu wanaogopa kuupanda. Anayepanda mara nyingi atachemsha tu na kuziba njia mpaka mabasi yaanze kutanua kwenye kona. Mimi namwogopa anayeshuka na shaba ya Zambia kwenda Dar. Semi ya tani 56 ikishuka mita 100 za kimo kwa breki tupu, joto lake linatosha kutokotesha lita 150 za maji. Lote hilo linaishia kwenye drumu za breki. Drumu ikipata moto inatanuka, inazikimbia brekishu zinazoibana kwa ndani. Geji inaonyesha upepo wa breki upo, unakanyaga, gari halishikiki. Fundi akija kukagua, drumu imeshapoa, anakuta kila kitu kiko sawa.

Halafu ile kanuni ya wazee, "shuka na gia uliyopandia". Ilikuwa sahihi kwa malori yao. Injini ya leo ina nguvu za kupanda na gia kubwa zaidi, lakini uwezo wake wa kulizuia gari haukukua kwa kiasi hicho. Punguza moja au mbili zaidi, tena kabla mteremko haujaanza. Ukishakolea kasi gia inakataa kuingia, unabaki na free ambayo hukuichagua. Na injini ikilia, iache ilie! Breki ya injini inataka mizunguko mingi.

Breki za mguu nafundisha kubana na kuachia. Ukikanyaga kidogo mfululizo bila kuachia, ekseli ambayo breki zake zimekazwa vizuri ndiyo inayobeba mzigo wote. Lakini jumla ya joto ni ileile, na kwa trela ambayo breki zake zote zimerekebishwa sawasawa, sina hakika kama tofauti ni kubwa hivyo ninavyoitangaza. Ila trela ya namna hiyo nitaiona wapi?