Namba ya stoli si ya konveta peke yake

Tulimalize hili leo. Mteja akitaka toki konveta (kifaa cha oili kinachounganisha injini na gia boksi ya otomatiki) ya stoli kubwa, hakosi mtu wa kumwonya: "Ukiweka ya 2,800, gari haliondoki mpaka mshale wa rpm ufike 2,800." Si kweli hata kidogo! Stoli ni rpm (mizunguko kwa dakika) ambayo injini hugota, yaani haipandi tena, ukikanyaga mafuta yote huku breki zimeizuia tabini, sehemu ya konveta inayozungusha gia boksi, isizunguke. Ukigusa mafuta kidogo, toki (nguvu ya injini ya kuzungusha, hupimwa kwa Nm) inakuwa ndogo na rpm inayohitajika ni ndogo. Konveta inayogota 2,800 kwa Nm 250 itagota karibu 1,370 kwa Nm 60. Kwenye foleni utaondoka kama kawaida, labda kwa ulegevu kidogo.

Stoli hupanda kwa kipeuo cha pili cha toki. Konveta iliyogota 2,000 nyuma ya injini ya Nm 200, ifunge nyuma ya injini ya Nm 300: itafika kama 2,450. Kwa hiyo muuzaji akikutajia namba, muulize ilipimwa kwa injini gani. Akikosa jibu, namba hiyo haina maana. Nawe mpe toki ya injini yako kwenye rpm hizo za chini, si ile ya kileleni.

Mwinuko nao unahusika. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, na Nairobi iko juu ya mita 1,600. Gari lililogota 2,200 Mombasa litasoma kama 2,000 Nairobi, bila kitu chochote kuharibika. Fundi asiyelijua hilo anailaumu stata (sehemu ya konveta inayoelekeza oili irudi kwenye pampu yake), anashusha gia boksi, na mteja analipa. Stata ikifa kweli, namba huanguka mno: vitabu vya Toyota vinataka uishuku konveta stoli ikiwa chini ya kipimo kwa zaidi ya rpm 600.

Kupima: oili iwe nyuzi 50 hadi 80, zuia magurudumu, vuta handibreki, kanyaga breki kwa mguu wa kushoto, weka D, mafuta yote, usizidi sekunde 5. Nm 200 kwa rpm 2,200 ni kilowati 46, na zote zinageuka joto ndani ya oili. Ikisoma juu kwenye D na R, angalia kwanza oili na presha ya laini, yaani presha ya oili ndani ya gia boksi. Juu kwenye D pekee, shuku klachi ya gia za kwenda mbele. Magari mengi ya sasa hukata mafuta yenyewe ukikanyaga pedeli zote mbili, basi usiiamini namba hiyo. Na injini yenye nguvu huzungusha tairi kabla haijagota.

Kuchagua sasa. Kamshafti (shafti inayofungua valvu) kali inayoamka 2,500 inataka stoli ya hapo hapo, isipite kilele cha toki. Land Cruiser la kuvuta trela linataka konveta iliyokaza, yaani ya stoli ndogo. Tairi kubwa zikililemea, badilisha uwiano wa difu. Kama gia boksi haina klachi ya kufunga konveta, rpm ya safari iizidi stoli kwa mia kadhaa, la sivyo oili itachemka barabara kuu. Hata ukipiga hesabu zote hizi, namba halisi inaweza kutofautiana kwa rpm 200. Ukisitasita kati ya mbili, kwa gari la barabarani chukua ya chini, na ufunge kipozea oili cha gia boksi kabla ya kuondoka gereji.