Neno "papa" peke yake halitoshi kwenye karatasi za mzigo

Kwa miezi kadhaa sasa dirisha letu la vibali vya mazao ya uvuvi hapa Tanga limekuwa likipokea malalamiko ya aina moja. Mfanyabiashara anakuja na fomu iliyorudishwa, amekasirika, anauliza amekosea wapi: uzito ameandika, anakopeleka mzigo ameandika, namba ya leseni ameandika. Kwenye nafasi ya jina la samaki pana neno moja tu, kwa herufi kubwa zinazosomeka vizuri: PAPA. Hilo ndilo lililoirudisha fomu.

Nimeona nieleze kwa kirefu, kwa sababu maelezo ya dirishani huwa ya haraka na mtu huondoka akidhani anasumbuliwa. Hatuna nia ya kumsumbua mtu. Wauza papa wa Deep Sea, Sahare, Tongoni mpaka Kipumbwi ni watu tunaowafahamu, na wengi wao wanajitahidi kufuata taratibu.

Mzee mmoja wa Sahare aliniambia, "Mwanangu, papa ni papa. Babu yangu kamwita papa, nami namwita papa. Ninyi mnataka nimwiteje?" Nilimjibu kwamba nyumbani na mnadani aendelee kumwita papa. Mji wetu una mtaa unaoitwa Mabanda ya Papa. Mtoto akitumwa ng'onda wa papa harudi na nguru. Hapa neno linaeleweka. Tatizo linaanza pale neno linapopanda meli au ndege likiwa peke yake, bila ya mtu wa Tanga kulisindikiza.

Mjerumani, Mfaransa na Mrusi wakisoma "papa" wanasoma baba. Mwitaliano anasoma Baba Mtakatifu wa Roma, na maana hiyo nasi tunayo: Yohane Paulo wa Pili alipotembelea Tanzania mwaka 1990 tulimwita Papa, na hakuna aliyechanganyikiwa kwa sababu mazungumzo yenyewe yalionyesha anayetajwa ni nani. Kwa Wamaori wa New Zealand papa ni ardhi, ile ardhi mama wanayoiita Papatūānuku. Kwa wasema Kikechua wa milima ya Andes, papa ni kiazi. Wahispania walipofika Peru katika karne ya 16 walilichukua zao na jina lake, na mpaka leo katika nchi za Amerika ya Kusini zinazosema Kihispania kiazi ni papa. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima mwaka 1971, kwa Kihispania kinaitwa Centro Internacional de la Papa.

Jambo hili lilinishangaza mwenyewe nilipolifuatilia: Wanaperu wana chakula kinachoitwa papa seca. Seca ni kavu. Ni viazi vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa juani hadi vikauke. Basi "papa mkavu" wa mama zetu wanaoanika pwani hapa ana ndugu wa jina upande wa pili wa dunia, naye ameanikwa juani vilevile, ila yeye ni kiazi.

Najua mtu atauliza: hayo ya Peru yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Biashara ya papa wengi tunaowavua inasimamiwa na Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea iliyo Hatarini Kutoweka, unaojulikana kwa kifupi CITES. Ulitiwa saini Washington mwaka 1973, ukaanza kazi 1975, na Tanzania iliuridhia 1979. Lugha za kazi za mkataba huo ni tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Kwa hiyo fomu yako inaweza kufika mezani kwa afisa ambaye katika Kihispania chake papa ni kiazi, Papa mwenye herufi kubwa ni kiongozi wa Wakatoliki, na papá mwenye alama juu ya a ya mwisho ni baba. Ukiandika kwa herufi kubwa tupu, PAPA, hata tofauti hizo ndogo zimefutika. Kwenye orodha ya forodha ya kimataifa mapezi makavu ya papa yako chini ya namba 0305.71 na viazi vibichi viko chini ya 0701. Namba ikisema samaki na neno likisomeka kiazi, afisa mwangalifu atausimamisha mzigo, na atakuwa ametimiza wajibu wake.

Isidhaniwe kuwa Kiswahili kina upungufu. Wenzetu wa taaluma ya lugha wanalieleza jambo hili kwa hesabu nyepesi. Kiswahili kina vokali 5 na konsonanti zaidi ya 20 kidogo, kwa hiyo silabi za konsonanti moja na vokali moja ni kama 100 hivi. Ukitaka neno la silabi moja iliyorudiwa, kama papa, baba, dada, kaka, nafasi ulizo nazo ni hizohizo 100. Lugha za dunia zinakadiriwa kuwa 7,000, na nyingi zinapenda silabi nyepesi kama zetu. Lazima zigongane. Tena sauti za midomo, p, b na m, ndizo mtoto mchanga huzitoa mapema, na mzazi kila mahali hudhani anaitwa yeye. Mwanaisimu Roman Jakobson aliliandikia jambo hilo. Ndiyo maana papa na baba ni mzazi katika lugha nyingi zisizo na undugu wowote. Lakini hata hapo usibahatishe: kwa Wajojia, mama ni baba. Na dada yetu sisi, kwa Kihindi ni babu mzaa baba, na kwa Kibengali ni kaka mkubwa.

Kwenye samaki mifano haiishi. Pono, yule ambaye mtu akilala fofofo tunasema ana usingizi wa pono, Hawaii neno hilo ni haki na unyoofu. Tasi, Samoa ni namba moja. Neno linalotuletea shida zaidi, baada ya papa, ni hai. Wasafirishaji wa kaa wanaandika "kaa hai" wakimaanisha hawajafa, na ni sahihi kabisa kwa Kiswahili. Mjapani akisoma hai anasoma ndiyo, Mvietinamu anasoma mbili, Mchina bahari. Mjerumani anasoma Hai, ambaye ni papa! Kwa hiyo huyo mmoja "papa" wetu anamwita baba na "hai" yetu anaiita papa, na watu wake waliutawala mji huu miaka kadhaa, hawakutuachia neno hilo wala hawakulichukua letu. Kwenye vibali vya mkataba hali ya mnyama huandikwa kwa alama za herufi tatu: LIV kwa aliye hai, MEA kwa nyama, FIN kwa mapezi. Tumia hizo. Zimewekwa ili lugha zisigombane.

Sasa utaratibu, maana hapa ndipo mizigo inapokwama.

Si kila papa yuko kwenye orodha, lakini orodha imerefuka. Papa nyundo, ambaye wengine humwita pingusi, aliingia kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba na masharti yakaanza kutumika Septemba 2014. Mako aliingia 2019. Jina lake hilo linalotumika duniani kote limetoka kwa Wamaori, ambao papa huyo humwita makō. Novemba 2023 iliingia familia nzima ya papa inayoitwa kitaalamu Carcharhinidae, na hao ndio wengi wanaoshushwa kwenye madiko yetu. Kiambatisho cha II hakikatazi biashara. Narudia, kwa sababu kila wiki kuna anayekuja akisema "Serikali imekataza papa": hakikatazi. Kinataka kibali.

Kibali hutolewa baada ya mambo mawili kuthibitishwa. Mamlaka ya kisayansi iseme kwamba mzigo huo hautahatarisha kuendelea kuwapo kwa aina hiyo ya papa, na mamlaka ya usimamizi ijiridhishe kwamba samaki alipatikana kihalali, yaani chombo kimesajiliwa, mvuvi ana leseni na zana inakubalika. Hakuna mtaalamu anayeweza kujibu hoja ya kwanza kwa kupewa neno "papa". Atauliza papa yupi, na wewe utarudishiwa fomu. Kibali kimoja ni cha mzigo mmoja. Ukiugawa mzigo upelekwe mara mbili, unahitaji vibali viwili. Kinadumu miezi 6 tangu siku kilipotolewa, na siku inayofuata hakina kazi. Kikifutwafutwa au kuongezewa neno kwa kalamu bila muhuri na saini ya mamlaka iliyokitoa, hakitambuliki. Na kwa kawaida hakitolewi baada ya mzigo kuondoka, hata kama mwenye mzigo ni mtu mwaminifu na ana sababu nzuri ya kusimulia.

Mzigo ukikamatwa bila kibali, au ukiwa na kibali chenye jina lisilolingana na kilichomo ndani, mkataba unazitaka nchi wanachama ziadhibu biashara hiyo, na ziutaifishe mzigo au ziurudishe ulikotoka. Adhabu yenyewe hupangwa na sheria ya kila nchi, kwa hiyo faini au kifungo unachoweza kukutana nacho bandari ya mbali huenda kisifanane na unachokijua hapa. Jina lisilolingana ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Afisa wa upande wa pili hana njia ya kujua kama ulikosea au ulificha.

Wengine wanasema Mombasa si nje ya nchi, kule nako ni Waswahili na papa ni papa. Ndugu zangu, ukivuka Horohoro umetoka nje ya nchi. Kenya nayo ni mwanachama wa mkataba, na undugu wetu wa lugha haufuti mpaka.

Wengine wanapiga jina kwenye simu na kunakili jibu. Tafadhali sana, msifanye hivyo kwenye nyaraka za serikali. Programu ya kutafsiri ikipewa neno moja la herufi nne haijui hata limetoka lugha gani; inabahatisha. Ikidhani ni Kihispania itakupa kiazi au Papa wa Roma, nawe utasaini.

Na wengine wanakataa jina la kisayansi wakisema wamechoka kulazimishwa Kiingereza. Hilo ninalisikitikia zaidi kuliko yote, maana jina la kisayansi si Kiingereza. Ni mtindo wa maneno mawili uliotokana na kazi ya Msweden Carl Linnaeus, na kwa wanyama unahesabiwa tangu kitabu chake cha mwaka 1758. Maneno hayo hutengenezwa kwa sura ya Kilatini ili yasiwe mali ya taifa lolote. Sphyrna, jina la jenasi ya papa nyundo, limetokana na neno la Kigiriki la nyundo. Msomi aliyelitunga na mvuvi wa Tongoni walitazama kichwa kilekile wakaona kitu kilekile. Ila wako zaidi ya mmoja: Sphyrna lewini, Sphyrna mokarran na wengineo, kwa hiyo hata "papa nyundo" peke yake halikamilishi fomu.

Silikanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu, ni funzo jirani. Alipoanza kunaswa kwenye jarife za papa hapa Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wavuvi hawakuwa na jina lake la mazoea. Leo ana hifadhi yake ya bahari iliyotangazwa 2009, na yeye yuko Kiambatisho cha I, hauzwi nje kibiashara kwa jina lolote. Akiingia wavuni toa taarifa kwa BMU yako, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha diko lako, siku hiyohiyo, usimpeleke mnadani.

Wahenga walisema kumla nguru si kazi, kazi kumwosha. Kwa papa, kazi ni kumtambua, na utambuzi unapotea mara tu kisu kinapopita. Papa aliyekatwa kichwa na mapezi, akatiwa chumvi, hata sisi tunapata taabu kumjua. Kwa hiyo kabla ya kumpasua piga picha tatu: ubavu mzima kuanzia pua hadi mkia, kichwa kwa juu, na kichwa kwa chini mdomo na matundu ya pua yakionekana. Weka kitu cha kupimia kando yake, hata pima ya fundi cherehani inatosha. Njoo nazo dirishani pamoja na nakala ya leseni, tutalitafuta jina pamoja, kisha utaliandika fomuni kwa mpangilio huu, Kiswahili kikitangulia: papa nyundo, Sphyrna lewini, MEA, na uzito kwa kilo.